Fundi wa Miti Kutoka Kinama

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, na umenikumbusha wewe mwenyewe uliposema umepata kijana wa kuuangusha mti wetu wa avoka kwa sababu majani yake yanachafua gari lako. Keti. Chai ipo. Kabla mtu hajaugusa mti ule utanisikiliza, utake usitake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliishi hapahapa Musaga, nyumba hiihii, mimi na mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu na alishinda kitandani kwenye chumba cha nyuma. Mti aliupanda baba. Baba alikuwa mtunza bustani kule Kiriri, kwenye nyumba za wakubwa, pamoja na rafiki yake Mzee Lorenti wa Kinama. Kila kiangazi Lorenti alikuja kwetu na kamba na msumeno, akapunguza matawi mawili matatu, akala ugali wa mama, akaenda zake. Tulikula avoka mpaka tukawagawia majirani, nasi tukidhani mti unajizalia tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kisha baba akafariki, na vita vikaingia mjini. Mtaa wetu ukabaki na watu wa kabila moja, Kinama ikabaki na wa lile lingine. Lorenti hakuja tena, na mimi sikumtafuta. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na sitalipaka rangi.

Tawi moja likanenepa juu ya paa la mama. Mvua zilikuwa karibu, nami nikaogopa. Nikamwita Desire, kijana wa jirani, mkubwa wa vijana waliolinda bariera, kile kizuizi cha njia ya kuingilia mtaani. Unajua kwa nini nilimchagua? Kwa sababu alikuwa wa kwetu, basi. Sikumwuliza kama amewahi kupanda hata mpapai.

Alikuja na panga. Akaanza kwa kuukata mti kichwa, kilele chote, vibaya, kama mtu anayekata kuni. Kisha akaligeukia lile tawi kubwa, akalipiga kutoka juu, likapasuka nusu na kuchana gome la shina. Likabaki linaning'inia juu ya chumba cha mama. Desire akafuta panga lake.

"Muti huu uko mubaya," akasema. "Kesho nakuya na wenzangu, tunaukata wote. Na tena wabaya wanaweza kujificha mule."

Nikamwambia mama ahamie chumba cha mbele. Alikataa katakata. "Mume wangu aliupanda. Mi sitoki. Kama unaanguka, uanguke." Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kichwa kigumu, na usiulize nimekirithi wapi changu.

Asubuhi nilikwenda soko kuu, mahali ambapo watu wa mitaa yote walikuwa bado wanakutana. Lorenti alikuwa pale anauza miche ya michungwa. "Yoo! Mutoto wa Patrisi!" akanishika mikono miwili. Nikamweleza yote.

"Alikata na nini?"

"Na panga, Muzee."

"Panga ni ya kuni. Muti mwenye iko muzima unakatwa na musumeno." Akanitazama sana. "We ulitafuta mutu wa mutaa, haukutafuta mutu wa kazi. Baba yako angekuchapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mti ulikuwa unaningoja, na mama chini yake, kwa hiyo nikamwuliza kama atakuja Musaga. Akaanza kuikusanya miche yake.

"Watanipitisha?"

"Utapita na mimi."

Akamwachia muuzaji mwenzake miche, akachukua msumeno na kamba alivyokuwa navyo pale sokoni, tukapanda minibasi, tukashuka na kutembea mpaka bariera. Desire akasimama katikati ya njia na wenzake nyuma yake. "Huyu ni wa Kinama. Anatafuta nini huku?"

Niliogopa, mwanangu, sitakudanganya. Ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. "Ni fundi wangu! Muti ni wa baba, nyumba ni ya mama, na fundi ni mwenye mi nimeita. We kazi ilikushinda, acha mwenye anaijua aifanye. Ukitaka kumugusa, uniguse mimi kwanza." Nikauchukua msumeno wa Lorenti na kamba yake, nikavitia kichwani pangu, nikapita mbele. Yeye akanifuata. Hakuna aliyetuzuia, lakini wote walitufuata mpaka uani.

Lorenti aliuzunguka mti mara mbili, akagonga shina kwa vidole, akasikiliza. Kisha akapanda. Akalifunga lile tawi, akaipitisha kamba kwenye panda iliyobaki juu yake, akanirushia ncha. Alikata kwanza kutoka chini, kidogo, ili gome lisichanike tena, ndipo akaanza kutoka juu. Tawi likatikisika. Kamba ikanivuta mpaka visigino vikainuka.

"Apana, hauwezi peke yako!" Lorenti akamtazama Desire. "We kijana mwenye nguvu! Kamata kamba! Mukiachilia, mama anakufa mule ndani!"

Desire alisimama tu. Ndipo sauti ya mama ikatoka dirishani: "Desire! Avoka zangu ulikula tangu mutoto! Kamata kamba, mupumbavu we!"

Akaikamata. Lorenti alimaliza kukata, na sisi wawili tukaliteremsha tawi polepole, yeye akituelekeza kutoka juu, "taratibu, taratibu," na Desire akimtii mtu wa Kinama neno kwa neno. Lilipofika chini nililia mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Jioni Desire alimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye minibasi, amembebea msumeno. Sisemi vita viliisha siku ile. Viliendelea miaka mingi, na Desire hakugeuka malaika. Ila kila kiangazi Lorenti alikuja, na kila kiangazi alipita.

Sasa sikia, mwanangu. Mtu anayekuja kwenye mti wako mwulize atakata wapi na kwa nini. Akijibu "wote," mpe chai aende. Akitaka kuukata kichwa, hata chai usimpe. Mti upunguzwe kiangazi, kidogo kidogo, kila mwaka, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Usichome takataka shinani, usipigilie misumari ya kamba ya nguo. Na fundi umchague kwa mikono yake. Ukiambiwa huyu si wa kwetu, kataa, hata kama sauti yako inatetemeka. Mimi nilichagua wa mtaa wangu, nusura nimzike mama. Majuto ni mjukuu.

Lorenti hayupo tena, lakini binti yake anafanya kazi ileile, na bado yuko Kinama. Kesho asubuhi utakwenda kumwita, kwa heshima.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupanda na mzito wa kukata. Akupe kivuli, na watu wa kila mtaa wa kukaa nawe chini yake. Na gari lako, mwanangu, lisogeze. Mti hausogei.