Behewa Langu Lilivyoniitia Mwenyekiti

Asubuhi ile niliondoka Handeni bila kujua nitalala wapi. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa Korogwe, kwenye nyumba ya wageni, naomba chumba.

"Unafanya kazi gani?" akauliza mama mwenye nyumba.

Shule niliiacha mapema, ila kwa kujisifu sijambo. Nikamwonyesha picha kwenye simu: behewa la mizigo, kutu tupu, magurudumu yana tope.

"Lilikuwa jipya hili, mama. Nimelichakaza mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii. Na kichwa cha treni nacho nakimalizia."

Akaniambia nisubiri. Nikadhani ameenda kunitandikia kitanda, kumbe amemfuata mwenyekiti wa mtaa.

"Ndiye huyu anayeharibu mabehewa?" mzee akauliza. "Liko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Limo humu."

Nikalitoa begini, la plastiki, urefu wa kandambili, nikaliweka mezani. Nilitamani niingie mimi humo begini.

Mzee aliinama, akapitisha kidole kwenye ile kutu, kisha akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Rangi?"

"Rangi, mzee. Ndiyo kazi yangu, kuzipaka treni za mfano zionekane kuukuu."

"Mpe chumba," akamwambia mama. "Lakini asiliache dirishani. Wanunuzi wa vyuma chakavu watalibeba."