Chakula cha Mfungwa

Kila nikisikia harufu ya majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, aibu hunipanda kabla ya njaa. Msinicheke, nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alikuja kwetu Songea mjini kutoka Peramiho, kavaa kitenge cha Jumapili na siku yenyewe ni Jumanne. Akasema anataka kuiona ile jela ya zamani ya Wajerumani, ambayo siku hizo ilikuwa imeshafunguliwa kwa watalii. Nikaambiwa nimsindikize. Mtalii, mimi! Nilivaa viatu vya shule na miwani ya jua ya dada, ingawa ilikuwa inanidondoka puani kila hatua.

Bibi alibeba kikapu. Ndani mlikuwa na ugali na likolo, ndiyo hiyo mboga ya karanga, vimefungwa kwenye jani la mgomba. Mimi nikajua ni chakula chetu cha mchana. Tulipofika, alikiweka chini ili aandike jina kwenye kitabu cha wageni, na Bibi kuandika jina lake ilikuwa shughuli nzima. Nikafungua jani, nikamega tonge. Tamu hiyo! Nikamega la pili.

Dada wa kutembeza wageni alitupeleka hadi kwenye chumba chenye kuta nene na kidirisha kidogo juu. Akatueleza kuwa humo walifungwa wapiganaji wa Majimaji kabla ya kunyongwa. Bibi akavua kandambili, akapiga magoti mlangoni, akaita, "Hodi!" Lo! Chumba kitupu, na nyuma yetu wamesimama wageni wawili wenye kamera. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bibi, samahani, chakula hakiruhusiwi ndani," dada akasema.

"Najua, mwanangu. Bibi yangu naye aliambiwa hivyohivyo. Alimletea mumewe chakula, wakamwambia arudi kesho. Kesho yake akakuta wameshamnyonga. Mpaka anakufa alikuwa anakitaja chakula kile. Sasa na mimi nimezeeka. Nisipokileta leo, nani atakileta?"

Dada akasogea pembeni. "Ingia, Bibi."

Alipofungua jani, alama za vidole vyangu zilikuwa wazi kwenye ugali. Akanitazama. Kwetu, anayempelekea mtu chakula huonja kwanza mbele yake, amtoe wasiwasi. Lakini mimi sikuonja, mimi niliiba! Nikaanza kulia. "Nisamehe Bibi, njaa iliniuma."

Alinifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akanishika bega, akaugeukia ukuta. "Babu, kilembwe wako huyu ameshaonja. Kula bila wasiwasi. Utusamehe, tumechelewa kidogo."

Nilishangaa kuona dada yule anajifuta machozi. Mimi nilikuwa nashukuru tu kwamba nimeponea bakora.

Sasa ni mtu mzima, na nampenda Bibi kwa siku ile kuliko kwa zawadi zote alizonipa. Chakula kile kilikuwa kimesubiri tangu enzi za bibi yake, nami nikakidokoa mlangoni. Angenichapa, nani angemlaumu? Badala yake alinitetea mbele ya babu yake, tena papo hapo, bila hata kufikiri. Niliingia mle nikiwa mwizi wa chakula cha mfungwa, yeye akanitoa nikiwa mmoja wa waliokileta.