Vidole vya Verlyn Stodola

Kwetu huku kaskazini mwa Wisconsin, mwenyekiti wa klabu ya upinde hachaguliwi, hunaswa. Mkutano ukifikia habari za uongozi, atakayetoka nje kugeuza soseji jikoni akirudi hukuta ameshapigiwa kura. Verlyn Stodola alitoka kugeuza soseji mwaka ule binti yake anaanza darasa la kwanza. Sasa binti huyo ana watoto wawili huko Arizona, na Verlyn bado ni mwenyekiti.

Si kwamba hakuomba kung'atuka. Aliomba kila mwaka, na kila mwaka Duane Krueger, rafiki yake tangu utotoni, alimjibu lile lile: "Ng'atuka tu, bwana. Ila uzime taa na ufunge mlango, maana nyuma yako hakuna mtu." Na kweli hakukuwa na mtu. Vijana wanataka bunduki, au hawataki kuwinda kabisa. Wazee magoti yamegoma kupanda dungu la mtini. Walibaki wanachama tisa. Mama mwenye msitu tunamowinda alikuwa ameshasema wazi: wasipofika kumi na wawili kabla ya Septemba, anauza.

Hayo watu waliyajua. Wasilolijua ni kwamba Verlyn hakuweza tena kupiga. Miaka miwili sasa, akivuta upinde na kulenga, vidole vinang'ang'ania upote, ile kamba ya upinde, havitaki kuuachia. Ugonjwa huo wapiga upinde wanaufahamu, ila huutaja kwa kunong'ona, kana kwamba unaambukiza. Kila msimu alipanda dunguni, akamtazama kulungu akipita chini yake, akashuka na kusema, "Leo hawakupita." Mtu mzima na mvi zake, anadanganya kama mtoto aliyelamba sukari. Aibu ilimla mpaka chakula kikamkataa.

LaVonne, mkewe, ndiye aliyemkuta ghalani, amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye robota la majani makavu, upinde umevutwa, machozi yanamtoka.

"Waambie, mzee wangu," alisema. "Wakishajua watakuacha. Twende kwa mtoto kabla hatujawa watu wa kubebwa."

"Nikiwaambia, klabu imekufa."

"Na usipowaambia, anakufa nani?"

Jumamosi moja ya Agosti tukaita wageni waje kujaribu upinde. Walikuja saba. Duane, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasimama kando ya kulungu wa sponji wa kulengea shabaha. "Mwenyekiti wetu atawaonyesha. Huyu alizaliwa na podo la mishale mgongoni. Mkunga alikoma."

Angekataaje? Verlyn akavuta. Akalenga nyuma ya bega la kulungu. Vidole vikafa. Jasho likamwingia machoni, na mtu mmoja pale mbele akaacha kutafuna. Mwisho akaushusha upinde taratibu, mshale ukiwa bado umepachikwa.

"Siwezi," alisema. "Mwaka wa pili huu. Wale kulungu niliosema hawakupita, walipita wote."

Duane akavua kofia na kuangalia buti zake. Verlyn akahisi kifua kimefunguka. Alimtazama LaVonne kwenye meza ya jibini. Mwenzake alikuwa ameshavua aproni, anafuta mikono, tayari kwa safari.

Ndipo akasogea mama mmoja Mhmong, wa jamii iliyohamia huku kutoka Laos, Pa Houa Xiong, dereva wa basi la shule. "Mzee, mimi nilikuja na hofu moja tu, nisije nikamjeruhi mnyama akaenda kufia asikoonekana. Kwingine nilikokwenda walinionyesha picha za mapembe. Hakuna aliyenionyesha jinsi ya kutopiga." Akachukua kalamu. "Najiandikisha. Ila unifundishe wewe, siyo huyu msemaji."

"Na mimi, kwa sharti hilohilo," alisema mwingine. Wakajiandikisha watano.

Tisa na watano, kumi na wanne. Msitu ukapona. Duane naye akaupata mdomo wake. "Haya, tumalize leo leo, tusije tukachoma soseji bure. Asiyetaka Verlyn aendelee, anyooshe mkono."

Watu wakacheka, hakuna aliyenyoosha. Verlyn alitaka kunyoosha wake. Haki ya Mungu alitaka, aliuagiza upande juu, na LaVonne alikuwa amesimama palepale akiutazama mkono huo na kuungoja. Haukupanda. Ulibaki ubavuni, vidole vimekunjwa, vimeshika kitu kisichokuwapo.

LaVonne akangoja tena kidogo. Kisha akavaa aproni yake na kuendelea kukata jibini ya wageni.