Sauti Iliyokataa Kuzimika

Kaseti isiyo na kitu ndani yake haiko kimya. Ukiiweka kwenye redio na kubonyeza, husikika mvumo mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye karai. Mvumo huo ndio utoto wangu. Nilikua nikiusikia kila alasiri katika duka la Abti Bashir, kaka yake mama, karibu na soko la mifugo la Garissa, mahali ambapo vumbi la mbuzi, harufu ya ubani na plastiki iliyochemka vilichanganyika hadi pua ikashindwa kuvitenganisha. Kwetu watu wengi hawakuandikiana barua. Walirekodi sauti. Mama mmoja aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab alimsemesha mwanawe aliyekwenda ng'ambo, mchungaji alituma habari za ngamia wake, na Abti akazitoa nakala kaseti hizo zote na kuzipeleka kwa malori. Mimi nilikuwa mpwa wake wa kike, Sahra, niliyekuwa darasa la sita, na kila nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja dukani, kwa sababu nyumbani mwaka ule hapakukalika.

Hapakukalika kwa sababu ya damu. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu, na watu wa ukoo wa baba walipigana na watu wa ukoo wa mama kwenye kisima kimoja ng'ambo ya Modogashe. Adeer Hassan, mdogo wake baba, alipigwa risasi akiwa ameinama na ndoo mkononi. Aliletwa Garissa juu ya lori la makaa, amefunikwa turubai, na uso wake ulikuwa mweusi kwa vumbi la makaa hata bibi, mama yake mzazi, hakumtambua mpaka alipooshwa. Baada ya hapo tulilipizana. Wa kwao wakafa, wa kwetu wakafa, na mimi sikujua tena "kwetu" ni wapi. Wanawake wa upande wa baba walimtemea mama mate sokoni. Kaka yangu alirudi kutoka shuleni na sikio limechanwa. Mimi mwenyewe nilimpiga msichana mmoja kwa kigae cha mtungi nikafurahi kuona damu, na furaha ile naikumbuka vizuri kuliko sura yake. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini nyasi nazo zilikuwa zimejifunza kuuma.

Katika msimu huo mbaya ndipo Abti aliponunua kompyuta, mashine kuukuu ya ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikihama. Alitaka kuhifadhi sauti humo, maana kaseti hutafunwa na redio, na mtu aliyepoteza sauti ya marehemu mama yake huwezi kumfidia. Fundi aliyemuuzia alimwekea programu ya kuchezea sauti na nyimbo, na programu hiyo ilikuwa na kiburi sijapata kuona. Ukiwasha kompyuta ilijifungua bila kuitwa. Ukilifunga dirisha lake, dirisha lilitoweka, lakini yenyewe haikwenda popote. Ilijibanza pembeni karibu na saa ya kompyuta, kijipicha kidogo cha rangi ya machungwa, na huko chinichini iliendelea kula nguvu za mashine mpaka kazi nyingine zote zikawa zinajikokota. Abti aliiita "mwenye nyumba". Tena mashine ile ilikuwa na swichi ya kizamani, ambayo ukiibonyeza hubaki imebonyea. Umeme ukikatika ilizimika, ukirudi ilijiwasha yenyewe, na mwenye nyumba akaamka nayo na kuendelea kusema pale pale alipokatishwa.

Mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa mtoto mbishi. Niligundua vibonye vitatu ambavyo ukivishika kwa pamoja huleta orodha ya kila kinachoendelea ndani ya mashine, hata kile kilichojificha. Ukichagua jina na kuamuru likome, unasubiri kidogo, kinakufa. Lakini kesho yake kilifufuka. Nikatafuta mahali panapowekwa majina ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, nikalifuta lake, na likajirudisha. Mwishowe nikakuta ndani ya programu yenyewe kuna tiki ndogo ya kuiruhusu ianze yenyewe. Ukiitoa hiyo kwanza, ndipo unalifuta jina, ndipo inatulia. Nilimwonyesha Abti kwa majivuno makubwa. Akairudisha ile tiki mbele ya macho yangu.

"Iache, Sahra," alisema. "Umeme wa Garissa si unaujua? Hii inanikumbushia nilipofika. Wewe ukiona kitu kinapumua unataka kukiua."

Nilimwambia asiyeziba ufa hujenga ukuta. Akacheka, akanipa biskuti.

Halafu akaja Guled, kijana wa ukoo wa mama, na bastola kiunoni. Alileta kaseti ya gabay. Kwa Wasomali gabay ni shairi, lakini anayedhani shairi ni pambo hajazaliwa kwetu. Shairi zuri la matusi huua watu kwa miaka. Hili lilimtaja Adeer Hassan kwa jina. Lilisema ndugu zake walimfukia mchangani kama paka anavyofukia uchafu wake, kisha wakaenda kuomba ngamia wa fidia badala ya kulipiza kama wanaume. Sauti ilikuwa tamu, hilo lazima niseme. Guled alitaka nakala nyingi zipelekwe hadi Eldas.

"Siwezi," Abti alisema. "Hao ni mashemeji zangu. Watoto wa dada yangu ni wa ukoo huo."

Guled hakubishana. Alimpiga kwa kitako cha bastola, na jino la Abti likadondoka juu ya kibodi na kukwama kati ya herufi. Kisha akavuta kiti akaketi, na Abti, huku damu ikimtiririka kidevuni, akarekodi. Tangu siku hiyo shairi lile likakaa ndani ya kompyuta, na hakuthubutu kulifuta kwa sababu watu wa Guled walikuwa wakirudi kuchukua nakala.

Mvua ya kwanza iliponyesha watu walichoka kuzika. Wakakubaliana fidia ilipwe na kisima kiwe cha wote. Kwa kuwa wachungaji walikuwa wametawanyika nyikani na kila lori lilikuwa na redio ya kaseti, iliamuliwa kwamba baba yangu, kaka mkubwa wa Hassan na mwenye haki ya damu yake, arekodi kwa sauti yake kwamba amesamehe. Watamwamini nani zaidi? Na kurekodi kutafanyika kwa Abti, ili pande zote zione shemeji wameketi pamoja. Asubuhi ya siku hiyo mjumbe wa Guled alikuja tena. Shairi lilikuwa limefika nusu Abti aliposikia gari la wazee. Akalisimamisha shairi, akalifunga dirisha, akamfukuza mjumbe kwa mlango wa nyuma. Hayo alinieleza baadaye, akilia. Dirisha lilikuwa limefungwa, naye akadhani yamekwisha.

Nilipofika na chupa za chai adhuhuri, wanaume walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Bunduki zote zilikuwa nje na mlinzi, lakini kwetu hakuna anayemwambia mwanamume aache kisu chake mlangoni. Baba alikuwa mbele ya kipaza sauti. Pembeni yake aliketi Adeer Nuur, kitinda mimba wa bibi, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu tulipomwosha Hassan. Baba alisema, "Mimi ni kaka yake Hassan, na nasema haya bila kulazimishwa na mtu," na hapo umeme ukakatika. Watu wakacheka, tena kicheko cha kweli, watu wa pande mbili wakiitukana kampuni ya umeme kwa kauli moja. Nikaanza kumimina chai.

Kisha feni ikazunguka. Mashine ikalia mlio wake. Nilijua mpangilio wa sauti zile kama ninavyojua sura fupi za Kurani: mlio, mkwaruzo, kimya kifupi, mkwaruzo mrefu. Niliweka chupa chini nikaita, "Abti!" Naye alikuwa ameshajua, nilimwona akigeuka rangi. Aliruka kwenye kibodi, na wakati huohuo sauti ile tamu ikajaa chumbani kutoka kwenye spika mbili kubwa, ikianzia pale ilipoachwa asubuhi, kwenye paka na mchanga na jina la Hassan.

Abti alishika vile vibonye vitatu nilivyomfundisha. Orodha ikatokea. Alichagua, akaamuru, na mashine ikaanza kujifikiria, ile alama ya kusubiri ikiganda katikati ya kioo huku shairi likiendelea. Nuur alisimama na bakora yake akakipiga kioo kikapasuka, moshi ukatoka. Alidhani ameiua. Lakini kioo ni uso tu, mashine yenyewe ilikuwa chini ya meza, na sauti iliendelea bila kutetereka, ikiwatukana yeye na kaka yake huku kioo kikiwa kimekufa.

"Zima!" Nuur alipiga kelele.

"Nazima! Wallahi nazima!" Abti alisema, akibonyeza ovyo, kwa sababu sasa hakuona tena cha kuzima.

Nuur aliona mtu anayejifanya. Aliona mtego, mashemeji wamewaita ili wawacheke. Kisu kikatoka. Mimi nilikuwa nimeshaingia chini ya meza kutafuta soketi, miguu ya wanaume ikinigonga, mmoja akanikanyaga vidole nikasikia kimoja kikivunjika. Niliivuta plagi kwa mkono mwingine. Sauti ikakatika katikati ya neno. Katika ukimya ule nilisikia mtu akipumua kwa shida, kisha baba akanidondokea miguuni. Alikuwa amejitupa mbele ya Abti. Kisu cha mdogo wake kilimwingia chini ya mbavu, naye alikuwa akimtazama Nuur kwa mshangao tu, bila hasira, kama mtu aliyekanyagwa na rafiki.

Walimbeba juu ya mkeka, watu wa koo zote mbili, wakikimbia kwenye tope. Alikufa kabla ya sala ya alasiri. Polisi mmoja, mtu wa bara, alikuja dukani akauliza kwa Kiswahili ni nani aliyeanza, na Adeer Nuur, aliyekuwa ameketi sakafuni na damu mpaka kwenye viwiko, akamjibu: "Shika mimi. Hawa watu habana makosa. Mimi nimebiga ndugu yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu walisema, na kwa kuwa damu hii ilimwagwa ndani ya nyumba moja, hakukuwa na ukoo wa kulipizwa. Bibi alikuwa mama wa aliyekufa na wa aliyeua. Alisamehe, maana angefanya nini kingine? Familia ilikataa kutoa ushahidi, na Nuur alipoachiliwa alikwenda mwenyewe kwa Abti, akaketi mbele ya redio ya kawaida ya kaseti, akasema jina lake, akasema alichokifanya na kwa ajili ya sauti gani, akawaomba wachungaji wanywe pamoja. Malori yaliibeba kaseti hiyo. Vita vikaisha.

Siku hizi mimi ndiye fundi. Nina kibanda changu hapa Garissa, na kazi kubwa ninayoletewa ni ile ile: simu na kompyuta zilizojaa programu zinazojiamsha zenyewe na kusema bila kuulizwa. Kuzizima kumekuwa rahisi kuliko kumenya ndizi. Kilichokuwa kigumu kimebaki kigumu. Zamani tusi lilihitaji bastola, lori na barabara ili lifike Eldas, leo linafika kabla chai haijachemka, na hakuna plagi ya kuvuta. Hata hivyo kisima kile kinanywesha wote hadi leo, na vijana hukitaja kama mfano. Juzi mmoja wao, akisubiri simu yake, aliniambia kwamba mzozo wa zamani ulimalizika kwa bei rahisi, siku ya suluhu alikufa mtu mmoja tu. Hakujua mimi ni binti wa nani. Nilimrudishia simu yake. Nikamwambia kwamba huyo mmoja tu alikuwa akinibeba mabegani kuvuka tope la mto ili viatu vyangu vya shule visichafuke, na kwamba nyumbani kwetu hakuna siku tuliyomhesabu kuwa mmoja tu.