Askari wa Rangi ya Kucha

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kununua kamusi kwenye lile duka kubwa la vitabu la katikati ya mji, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi nyuma kabisa, kwenye katuni. Siku hizi wanauza mishumaa na vikombe pale. Nikamuuliza kijana wa dukani wale askari wadogo wa kuchezea walihamishiwa wapi. Akasema hajawahi kuwaona. Nilibaki nimesimama mbele ya mishumaa, uso unawaka, kama ulivyowaka palepale nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Wakati ule tulikaa kitongoji cha Berchem, huku ughaibuni, mama, bibi na mimi. Mama alikuwa akihudumia wagonjwa hospitalini Jette, akirudi ni kula na kulala. Aliyenilea ni bibi, aliyetoka Bujumbura baada ya vita na Kifaransa cha kusalimia tu. Nyumba yetu ilinuka samaki wadogo wa ndagala na mawese hata tukifungua madirisha kwenye baridi, na harufu ile ilinifuata hadi darasani. Jumatano shule ilipoisha mchana nilikuwa napitia dukani, koti nimelifungua lipate hewa kwanza.

Huko ndiko nilikowaona. Askari wenye kimo cha kidole cha mwisho, ndani ya maboksi: unawakata kwenye plastiki yao, unawaunga kwa gundi, unawapaka rangi, kisha unapigana vita mezani kwa kurusha dadu. Muuzaji wa upande ule, dada mmoja mwenye nywele fupi, aliniacha niangalie nitakavyo. Alikuwa na kabati la kioo alimopanga kazi nzuri za wateja.

Idi ilipofika, tonton, kaka yake mama, akaniletea boksi moja. Nilifanya kazi yangu kwenye meza ya jikoni, bibi akichambua maharage upande wa pili. Sikuwa na rangi nyekundu, nikachukua rangi ya kucha ya mama. Ilikuwa inang'aa kama damu mbichi. Nikawapaka mapangani, vifuani, na zaidi kwa yule mmoja aliyeumbwa amelala chini miguuni pa wenzake. Yule nilimpaka kwa upendo, naweza kusema hivyo.

Dada wa dukani alipowaona alisema nina mkono mzuri, akawaweka kabatini. Ilikuwa mara ya kwanza kitu changu kuwekwa mahali watu wakione. Jumatano iliyofuata nikamvuta bibi tukapanda tramu, yeye na mtandio wake wa kwendea msikitini, hajui tunakwenda kuona nini.

Aliinama mbele ya kioo muda mrefu.

"Huyu mwenye amelala," akaniuliza, "alikufa?"

"Ndiyo, bibi. Damu nimempaka mimi mwenyewe."

"Na nani atamuzika?"

Nikamwambia hakuna, ni mchezo tu. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa kabati. Dada wa dukani akatabasamu, akaniuliza bibi amesema nini. Sikujua nimekosa nini, ila nilijua nimekosa, na kwamba neno lile haliwezi kusemwa kwa Kifaransa katikati ya vitabu vya katuni. Bibi ndiye aliyeniokoa. Alijinyoosha, akatengeneza mtandio, akasifu polepole kwa Kifaransa chake, "C'est bien, madame. C'est bien."

Ndani ya tramu aliangalia nje hadi mwisho wa safari.

Jioni mama alinieleza, sauti chini, huku akivua viatu vya kazi. Siku walipokimbia, bibi alimpita mdogo wake wa kiume barabarani, amelala kwenye vumbi, na watu nyuma wanasukuma. Bibi hakuweza kusimama, hata kumzika. Mama alinisimulia bila kunigombeza hata kidogo, na ningependa angenigombeza.

Niliwachukua askari wangu dukani siku iliyofuata. Dada alidhani nimekasirika, nami nikawatia mkobani nikatoka. Bibi akanikuta jikoni nakwangua rangi kwa wembe. Akaninyang'anya wembe, akaketi.

"Wewe hukujua, mama," akasema. "Mutoto anapaka vile ameonyeshwa." Kisha akaongeza, "Unaweza kunipakia mumoja mwenye shati ya kijani? Ndugu yangu alipenda kijani."

Nikampaka. Alikaa kando yangu akinielekeza kola, vifungo, na bila nia alianza kueleza: namna mdogo wake alivyopiga mluzi akipanda baiskeli, namna alivyoficha nyama chini ya ugali ili aile mwisho. Tulifanya hivyo Jumatano nyingi. Alikuwa anacheka. Kabla ya hapo sikuwahi kusikia jina la mtu huyo nyumbani kwetu.

Bibi tulimzika hukuhuku. Katika kuhamahama nyumba, askari wote walipotea, na mwenye shati la kijani pia. Duka halina tena kona ile, na wala siioni sababu ya kulilaumu. Lakini aibu ya siku ile bado ninayo, na sitaki initoke. Babu yule, mdogo wake bibi, hana picha wala kaburi tunalolijua. Yote ninayoyajua juu yake niliyapata pale mezani, nimeinamisha kichwa nisitazamwe usoni, namsikiliza bibi.