Kengele ya Saa Sita

Kila nipitapo mashine za kukoboa pale Mlabani, harufu ya pumba za mpunga mpya hunirudisha uani kwa bibi.

Alikuwa anapepeta mchele, nami nimekalia kinu kilicholazwa. Kengele ya kanisani ya saa sita ilikuwa inalia. Ungo ukaelemea kushoto, mchele ukamwagika, kuku wakaukimbilia. Bibi akanigeukia, mdomo umepinda upande mmoja, akasema neno lisilokuwa neno.

Nikacheka. Bibi aliniita mke mwenza, kwa kuwa sote tulikuwa wake wa babu, na kutwa kazi yetu ilikuwa kutaniana na kukunjiana nyuso. Nami nikaupinda mdomo wangu, kumzidi. Nilicheka mpaka alipoanguka ubavu juu ya mchele, jicho moja likinitazama. Hapo nikakimbilia migombani kujificha.

Majirani waliomkuta walisema ni upepo. Wakamchua kwa mafuta ya nyonyo, wakamsubiri mjomba arudi kutoka shamba, ng'ambo ya mto. Jua lilikuwa limeshainama bajaji ilipotufikisha hospitali.

"Kiharusi kinawahiwa, mama," daktari alisema. "Kilianza saa ngapi? Nani alikuwa naye?"

"Hatujui, daktari," mama alijibu. "Alikutwa hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeushika mkono wa bibi, ule uliolegea. Vidoleni bado mlikuwa na pumba.

"Na wewe mjukuu, hukuona?"

Jicho lile moja la bibi lilikuwa linanitazama nilipojibu kwamba sikuwepo.