Mgeni Nyumbani kwa Baba

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walingoja matanga yaishe, kisha wakanionyesha njia. Walisema kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba yake, ni cha ukoo, na mimi sikuwazalia mtoto wa kiume. Nikatoka Kibingo na binti yangu, Kokwijuka, tukarudi Chonyonyo kwa mdogo wangu Melkiory, katika nyumba aliyoachiwa na baba.

Mkewe, Placidia, alitupokea vizuri mno. Hilo "mno" nimeliandika kwa makusudi. Alinipa kiti chenye mto. Wakati wa kula nilinawishwa kwanza, na sahani yangu ilitangulia ya mume wake. Nikishika kisu nimenye ndizi, alininyang'anya kwa upole. "Kaa, wifi. Utachafua mikono bure." Nikisema niende shambani, jembe halionekani. Jembe la marehemu mama nililijua, mpini wake una fundo katikati, lakini kila nilipoliulizia nilijibiwa, "Tutalitafuta."

Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Anayelima kibanja ni mwenye nyumba. Anayepakuliwa bila kulima, siku yake ya kuondoka ipo, hata kama haijatajwa. Nikawa mtu wa kutazama nyuso za watu. Nilimtazama hata mwanangu akila, nikamfinya paja aliponyoosha mkono kuongeza. Mtoto wa miaka kumi na mbili akajifunza kusema ameshiba kabla hajashiba.

Nilipata kazi ya kupika nyumbani kwa masista. Mmoja wao, Sista Elsamma, muuguzi wa zahanati, alitoka Kerala, India. Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, na mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza sikukijua. Basi kila asubuhi jikoni alifungua kamusi yake nene, Kiingereza upande mmoja, Kimalayalam upande wa pili, herufi za mviringo kama maharage yaliyomwagwa. Alisoma neno, akalisema kwa lugha ya kwao, akanieleza kwa mikono, nami nikamtafutia la Kiswahili. Tukafundishana hivyo.

Siku moja neno lilikuwa "guest".

"Kwetu ni atithi," alisema. "Hana tarehe. Anakuja tu, hajasema lini. Unampa maji, unampa chakula. Unamheshimu kama Mungu."

"Mgeni," nikasema.

"Mgeni. Sasa tumia. Nyumbani kwako mgeni ni nani?"

Nikainamia sufuria, nikakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Nilimwambia kwetu hakuna mgeni kwa sasa.

Jioni niliwapelekea watoto wa Melkiory neno lile, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Dastan, mkubwa wao, mwenye mdomo, akadakia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi, wewe umefikisha ngapi?"

Wenzake wakacheka. Mwanangu hakucheka. Placidia akamwambia Dastan afunge mdomo ale, kisha akaniongezea ndizi.

Jumapili baada ya misa Sista Elsamma alikuja kututembelea. Placidia akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajapewa kahawa, na mwenyeji ndiye anayeipitisha. Akampa Sista. Kisha akanigeukia, akanipa na mimi, kwa mikono miwili.

Sista alikitazama kikapu, akanitazama. Hakuwa na hila. Alitaka tu kulitumia neno lake.

"Kahawa hii ni ya mgeni?"

"Ndiyo, Sista," Placidia akajibu.

"Na Stephania ni mgeni? Hapa si kwa baba yake?"

Nilikuwa na punje za kahawa mkononi. Nikizirudisha, nimemkataa mwenyeji mbele za watu. Nikizitafuna, nimekubali. Nikazifumbata. Nilijua Placidia atadhani nimekwenda kumshtaki kwa masista, na jioni hiyohiyo angeweza kututoa. Nguo za Kokwijuka zilikuwa bado kwenye mfuko tuliokuja nao.

Melkiory alikohoa. "Dada," akasema akitazama sakafu, "Sista hajala. Nenda ukakate ndizi."

"Nikate wapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ulikuwepo zikipandwa, mimi sijazaliwa. Kata pale kwa mama."

Mama amezikwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Nilichukua panga. Kando ya kaburi kulikuwa na mkungu mkubwa uliokomaa, na pembeni mwingine mdogo. Nikakata ule mdogo. Aibu ilikuwa imenizoea kiasi hicho.

Placidia alikuja kuupokea. Akautazama, akautazama na ule mkubwa uliobaki mgombani. Tulikaa jikoni tukamenya pamoja kwa mara ya kwanza, utomvu ukitugandia vidoleni. Ndani Sista alikuwa akicheka na watoto.

"Wifi," nikasema, "kesho kabla ya kazi ningependa nilime kidogo, nipande maharage."

Safari hii hakusema tutalitafuta. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia kitu kikiburutwa kutoka chini ya kitanda. Akarudi na jembe la mama. Buibui walikuwa wamelijengea. Alilipangusa kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji, na hakuinua macho. Mimi pia niliangalia ndizi zangu. Sikutaka kumwona uso, maana uso wa namna ile nilikuwa nimeuvaa mimi tangu nirudi.

"Mpini umelegea," akasema. "Melkiory ataugonga."

Usiku ule Placidia hakuninawisha. Nilinawa mwenyewe, baada ya watoto. Kokwijuka akanyoosha mkono kuongeza ndizi, kisha akausimamisha hewani, akanitazama. Sikumfinya; niligeuza macho, achukue.